Shilingi ya Simba

Kila siku baada ya adhuhuri, mama yake Hamisa alirudi Manzese kutoka Kunduchi na ndoo ya samaki. Akifika, alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. Hamisa alimletea maji. Mama akishakunywa, aliinuka kwa kushika ukuta, akawasha jiko na kuanza kukaanga samaki wa kuuza jioni.

Wiki ile wanafunzi wa darasa la sita waliambiwa walete vitu vya kale. Mama alifungua pindo la kanga yake ya zamani, akatoa shilingi iliyofifia, yenye picha ya simba.

"Hii babu yangu alilipwa bandarini, mwaka arobaini na nne, enzi za Mwingereza. Ndiyo ya kwanza kuipata kwa jasho lake, hakutaka kuitumia. Alisema ina madini ya fedha ndani yake. Itunze, mwanangu."

Najat, rafiki yake wa nyumba ya pili waliyesoma naye darasa moja, alipoiona alicheka. "Utaenda na hicho kitu cheusi? Loveness analeta saa ya babu yake, inang'aa hiyo! Ngoja nikupe msasa wa baba."

Baba yake Najat alikuwa seremala. Hamisa akasugua. Shilingi ikang'aa, akafurahi, akazidi kusugua. Manyoya ya simba yakafutika. Kisha pakatokea doa jekundu kama shaba.

"We! Feki hiyo," alisema Najat.

Jioni Hamisa alisimama karibu na jiko, macho chini. "Mama, ile shilingi ni feki. Ndani nyekundu." Habari ya msasa hakuitaja.

Mama aliacha kugeuza samaki, mmoja akaungua. "Kumbe walimdanganya," alisema polepole. "Maskini babu. Kubeba magunia kutwa nzima, halafu wampe bati."

Baada ya sala ya magharibi, Hamisa alimsikia mama akimwombea babu dua kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

Kesho yake Mwalimu Lusungu aliigeuza shilingi ile mbele ya dirisha.

"Mwalimu, hiyo feki," alisema Hamisa.

"Nani kakwambia? Sikilizeni. Rupia ya Mjerumani ilikuwa karibu fedha tupu. Shilingi za Mwingereza za miaka ile zilikuwa na robo tu ya fedha, sehemu iliyobaki hasa shaba. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia wakaiacha fedha kabisa, wakachanganya shaba na nikeli. Hii ni halali, ila imekwanguliwa mpaka shaba ikaonekana. Nani kaisugua?"

Najat alitazama dawati. Hamisa alimkumbuka mama na samaki aliyeungua.

"Ni mimi, Mwalimu. Na mama nimemwambia babu alidanganywa."

"Basi si mimi peke yangu wa kuambiwa, mwambie na mama yako," alisema mwalimu, akamrudishia shilingi.

Hamisa alimkuta mama kigodani, miguu imevimba. Alipiga magoti. "Shikamoo, mama. Shilingi si feki. Niliisugua kwa msasa nikakuficha. Mwalimu anasema ina robo ya fedha. Nisamehe."

Mama aliishika shilingi, akapapasa pale palipokuwa na manyoya ya simba.

"Robo?"

"Robo, mama."

"Basi babu alisema kweli." Machozi yalimlengalenga. "Nimekusamehe. Lakini sikiliza, Hamisa. Simba akishafutika harudi, na mie hilo lisingeniumiza sana. Ulichoficha ndicho kilichoniumiza. Usiku kucha nimemwona babu yangu kama mtu aliyedhulumiwa, na yeye hayupo ajitetee. Mkono ukikosea, mwanangu, ulimi useme siku ile ile. Ukinyamaza, mzigo wako anaubeba mwingine, na pengine huyo mwingine kashachoka."

Aliifunga shilingi kwenye pindo la kanga. Alipotaka kuinuka, Hamisa alimzuia, akachukua kiberiti na kuwasha jiko mwenyewe.