Nafasi ya Baba

Fundi wa mtandao alisema vifaa vyote vimekubali, kisha akakunja uso. "Dada, hiki cha Baba ndicho chenye kasi kuliko vyote. Kiko wapi nikione?"

Karani alilitazama daftari mkononi mwake. Wadogo zake walimwita hivyo kwa sababu ya daftari la nyumba, ambalo marehemu baba yao alilianza kwa mkono wake na kumwachia yeye: nani kazaliwa lini, nani kahamia chumba kipi. Katika nyumba ile ya watu kumi na tisa, asiyekuwemo daftarini hakupewa hata ufunguo. Kwa hiyo fundi alipotaka majina ya watakaoruhusiwa kwenye mtandao, Karani alimsomea ukurasa kama ulivyo, na ukurasa ulianza na Baba. Hakuwahi kulikata jina lile. Fundi akaliwekea nafasi, kama mengine.

"Baba ana miaka miwili kaburini," alisema Karani.

Fundi akaifuta nafasi. Ikarudi. Akafuta tena, ikarudi. "Mimi nafuta huku," alisema kwa sauti ya chini, "huko kwako bado yupo." Akazoa nyaya zake bila kuzikunja, akaondoka.

Siku ya tatu, jua likiwa kali dirishani, simu zote za nyumba zilikohoa. Kilikuwa kikohozi cha Baba, kile cha kabla ya kusema jambo, na ngazi nzima ikanuka sabuni yake ya kunyolea. Watoto walizitupa simu chini. Mdogo wa kiume wa Karani alichomoa waya wa umeme wa kisanduku cha mtandao alichokifunga fundi, lakini taa zake za kijani ziliendelea kuwaka. Mama peke yake aliokota simu yake, akaketi kando ya kisanduku chini ya ngazi, akatega sikio.

Tangu hapo hakula.

"Ananiita niende kwake," alimnong'oneza Karani, midomo imempauka. "Anasema wiki ikiisha nitakuwa tayari."

"Anakuitaje, Mama?"

"Anasema, 'Njoo, mke wangu.'"

Karani alinyanyuka. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa ile aliijua kwa tarehe, na hakuna siku ambayo baba yake alimwita mama hivyo. Alimwita Mpinzani, mbele ya wageni, mbele ya wakwe, mpaka siku ya mwisho kitandani.

Akaleta daftari, akapiga magoti mbele ya kisanduku. "Wewe! Baba yangu alimwitaje mama yangu?"

Taa zikasita. Kisha kutoka kila chumba, kutoka simu zilizozimwa na runinga iliyochomolewa, kutoka hata ile kompyuta iliyokufa zamani kabatini, kikatoka kicheko ambacho hakikuwa cha Baba wala cha mtu yeyote, kikashuka ngazi kidato kwa kidato, na harufu ya sabuni ikageuka kuwa ya nywele zinazoungua, mpaka kikamfikia kisogoni na kusema polepole: "Mimi nimeandikwa. Na aliyenisoma ni wewe."

"Hapo umesema kweli," alisema Karani. "Na mwenye kalamu ni mimi."

Mama akamshika mkono. "Mwanangu, huo ni mwandiko wa baba yako."

"Najua, Mama." Yalikuwa maandishi pekee ya baba yake aliyobakiwa nayo. "Baba ninaye kichwani, na kila neno lake ninalo. Huyu hatalala humu."

Akapiga mstari juu ya jina.

Taa zikazimika zote. Mama akatazama huku na huko kama aliyeamshwa. "Mbona mnanikodolea macho? Nina njaa."

"Karibu, Mpinzani," alisema Karani, na mama akacheka huku machozi yakimtoka.

Asubuhi Karani alifungua daftari. Juu ya mstari wake jina lilikuwa limeandikwa upya, wino haujakauka, mwandiko ni wa Baba ila herufi zimelalia upande usio wake.

Akavuta kiti, akang'oa kifuniko cha kalamu kwa meno.

"Andika," aliuambia ukurasa. "Kalamu ninazo boksi zima."