Usukani Uliochomolewa Waya

Haya yalimkuta Abdurrazaque, jamaa yangu wa Palma. Alasiri moja, madirisha yamefungwa kwa mvua, alikuwa akijaribu pedi ya kuchezea michezo ya video na usukani wa michezo ya magari, vyote vya mtumba, kwenye kompyuta yake ya Linux, achague kimoja kwa ajili ya chumba cha michezo cha dada yake, Wahida. Pedi ilikubali papo hapo. Usukani ulivuta kushoto tu, hata alipobadili mipangilio. Akauchomoa waya.

Mara umeme ukakatika. Gizani akasikia mpira wa usukani ukisuguliwa taratibu, kwaru, kwaru.

"Wahida, acha huo usukani."

"Niko barazani, kaka," Wahida alijibu kutoka nje.

Akanyoosha mkono. Usukani ulikuwa ukizunguka, na pale dereva anaposhika palikuwa na joto, pameloa jasho.