Chuma Kwenye Udongo Uliolowa

Kompyuta ikipata joto hunuka vumbi na plastiki. Hilo linajulikana kuanzia Arua mpaka mpakani. Ile ya Marino, siku alipomaliza kuifungia kadi mpya ya picha, ilipuliza hewa yenye harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi: udongo mbichi na mizizi iliyokatwa.

Emilia, mke wake, ndiye aliyenusa kwanza.

"Marino, nani analima humu ndani?"

"Nani alime? Hiyo ni harufu ya kitu kipya."

Nisikilizeni mimi, maana hapa Koboko habari hii inasimuliwa na watu ambao siku hiyo walikuwa wamelala kwao. Duka langu la vitunguu linatazamana na ukumbi wa gemu wa Marino. Shule niliiacha darasa la sita, baada ya mwalimu kuona nimeanza kumfundisha yeye, lakini macho yangu yana shahada. Uso wa mtu nikiuona mara moja siusahau mpaka naingia kaburini. Lishikeni neno hilo.

Marino alikuja kutoka upande wa Yei, ng'ambo ya mpaka, na gunia moja. Akauza sabuni, akauza simu, mwisho akafungua ukumbi. Emilia ni wa kijiji cha Lurujo, mwenye pengo kati ya meno ya juu na kicheko cha kumfanya mtu asahau alichofuata. Alikaa mlangoni kupokea pesa, na vijana wengine walilipa ili wamchekeshe tu. Marino alimpenda vibaya. Akihesabu mauzo atageuka kumtazama, hesabu inapotea, anaanza upya, wala hakasiriki.

Sasa vijana wakaanza kukimbilia Arua kwa Santo, ambaye skrini yake ilionyesha mpaka jasho kwenye shingo ya mchezaji. Marino akaona wivu. Akaagiza kadi ya picha kutoka Kampala: nzito kama tofali, feni tatu, ndefu hata akalazimika kukata bati la ndani ya kompyuta ili ipite. Akabadilisha na pawa saplai, maana ile ya zamani isingeweza kuilisha. Akaleta skrini kubwa, ile vijana wanaita foo-kei. Picha ikaja kama maji ya chemchemi. Tatizo, ukigusa bati la kompyuta linakuuma vidole.

Akaitwa Alionzi, fundi wa umeme.

"Hii kitu inakunywa umeme kama ng'ombe, bosi, na haina choo," Alionzi akasema. "Lazima upige ethi. Chuma ndani ya udongo, waya mpaka kwa mashine, ile umeme mbaya ishuke chini."

"Nipige wapi?"

"Mahali iko na maji. Udongo mukavu haivuti kitu."

Ilikuwa kiangazi, ardhi yote nyuma ya ukumbi imepasuka. Mahali pamoja tu, karibu na ua wa minyaa, palikuwa peusi na pamelowa, upana wa mkeka. Marino hakujiuliza maji yale yanatoka wapi wakati mbingu imekauka. Hakumwuliza hata Bibi Kiden, mwenye kiwanja. Akashika nyundo. Chuma kikaingia kama kijiko kwenye uji, kikagota kitu, kikasimama. Akapiga tena, na kile kitu kikakubali.

Jioni hiyo hiyo ukumbi ulijaa. Vijana walikuwa kwenye gemu ya mpira, wanahesabu majani uwanjani, wanamsifu Marino, mara mmoja akaanza kucheka.

"Bosi, kadi yako imesahau kuchora mama mmoja!"

Tukatazama. Katikati ya mashabiki, gauni la rangi ya udongo, ameketi mwanamke ambaye mahali pa uso alikuwa na ngozi tu, laini kama kiganja. Goli likifungwa wote wanaruka, yeye ameketi.

"Labda amenuna sababu unafungwa kila siku!"

"Mwache, anatafuta uso wake chini ya kiti!"

Tulicheka sana. Wakabadilisha uwanja, yumo. Wakaweka gemu ya magari, amesimama kando ya barabara. Hapo kicheko kikapungua.

Baada ya hapo simu ya Emilia, ile inayofunguka kwa kuangalia uso, ikamkataa. Akapangusa kioo kwa kitenge, akajaribu tena, ikamkataa. Kisha picha ya harusi ukutani: Marino safi, wasimamizi safi, na bibi harusi kama mtu aliye nyuma ya mvuke wa sufuria. Na yule wa kwenye skrini alikuwa ameota nyusi.

"Marino, niangalie," Emilia akanong'ona siku moja.

"Nakuangalia."

"Hapana. Unaangalia shingo."

Alisema kweli. Hakuwa na kidonda wala ugonjwa. Macho yapo, pua ipo, mdomo upo, ila havikukaa kichwani mwako. Ukigeuka tu vimemwagika. Nilikuwa namuuzia vitunguu asubuhi, na mchana namuuliza tena yeye ni nani. Mimi! Mwenye macho ya shahada!

Ikafika siku mama yake, Filda, alipokuja kutoka Lurujo na beseni la unga wa muhogo kichwani. Emilia akatoka mbio, akapiga magoti mlangoni kumsalimia kama tunavyosalimia wazazi. Filda akampa mkono kwa heshima.

"Asante, mama. Wewe iko mgeni hapa? Niitie mutoto yangu Emilia. Mwambie mama yake amefika."

Emilia alibaki pale pale magotini. Ndani vijana wakapiga kelele za goli, na kwenye skrini yule mwanamke, kwa mara ya kwanza, akasimama na mashabiki wenzake, akacheka, na katikati ya meno yake ya juu palikuwa na pengo.

Filda akachungulia ndani, uso ukachanua.

"Huyo hapo! Mwanangu! Wamekuweka kwenye televisheni?"

Vijana walitoka kwa mlango na kwa dirisha. Kelele zao ndizo zilizomleta Bibi Kiden, ambaye alikuwa anapita nyuma na kibuyu chake cha maji kama jioni zote. Akakiona kile chuma na waya wake. Maji yakamponyoka.

"Nani amemchoma mgeni wangu?"

Akatueleza kwa hasira. Zamani za vita vya ng'ambo watu walikimbia kuja huku, na mwanamke mmoja alikutwa amekufa kando ya njia. Tai walikuwa wamemfikia kabla ya watu. Hakuna aliyeweza kusema ni wa nani. Mama yake Kiden akamzika hapo, bila alama, akaacha agizo: apewe maji kila jioni, maana hana wa kumlilia.

"Miaka yote hakuomba kitu kingine," Bibi Kiden akasema, "kwa sababu hakujua kama kuna kingine. Wewe umempelekea waya."

"Basi nichomoe!"

"Kaa chini, mjinga! Ukichomoa akiwa amevaa uso wa watu, anabaki nao. Usizime, usiguse. Nitamwomba mwenyewe."

Walibaki ndani Bibi Kiden, Marino, Emilia na mama yake. Na mimi dirishani, kwa kuwa woga siujui, ila miguu tu ndiyo ilikuwa imekataa kuondoka. Bibi akajaza kibuyu upya, akamimina maji sakafuni mbele ya skrini. "Dada, mgeni wetu," akasema kwa sauti ya chini, "huo uso si wako. Maji haya hapa. Rudisha."

Feni zikaanza kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, kama kifua cha mtu aliyepanda mlima, na harufu ya shimo ikajaa mpaka ukausikia udongo kwenye ulimi, na yule mwanamke akashuka kutoka kwenye viti, akapita katikati ya wachezaji ambao waliganda na mpira hewani, akaja, akakua, akafika kwenye kioo mpaka ukaona kope moja moja, na kioo kikafunga ukungu kwa ndani pale alipopumua, na Bibi Kiden bado anaomba, dada, dada, rudisha, na mimi nikaona kwa macho yangu kwenye uso wa Emilia aliyepiga magoti nyusi moja inarudi, nyusi ninayoijua, kisha shavu, kisha pembe ya mdomo, na hapo ndipo yule wa kwenye kioo akapiga kioo kwa kiganja na kulia kwa sauti ya Emilia mwenyewe, "Marino, mume wangu, mimi niko huku, huyo hapo sakafuni ndiye yeye, chomoa chuma nitoke!" na Marino, ambaye alikuwa na njaa ya uso ule, akautazama, akamtazama aliyekuwa sakafuni, na akakimbia nje.

Nilimsikia anavuta chuma. Skrini ikawa nyeusi. Feni zikasimama.

Emilia akajigusa shavu. Lile lililokuwa limeanza kurudi lilikuwa limekwisha kwenda tena.

Bibi Kiden alimwambia Marino aitupe kadi kwenye mto Kaya. Alifika nayo darajani akarudi nayo. Aliona atakuwa anamzamisha mke wake. Kuiwasha nyumbani, Emilia alikataa. Mwisho akamuuzia Santo wa Arua bila kumwambia kitu. Na pale nyuma, Bibi bado anamwaga maji jioni, lakini hayazami. Yanakaa juu ya udongo kama juu ya sahani.

Emilia sasa anafunga kitambaa cha kijani kila siku ili tumjue. Juzi mchana tulikuwa tumeketi mbele ya duka langu, sisi watatu, simu ya Marino ikalia. Santo.

"Ndugu yangu, hii kadi iko safi, ila inanuka udongo. Na huyu mama mwenye pengo ni nani? Ukumbi umejaa, wanakuja kumwangalia tu. Hachezi, anacheka tu."

Mwenye kitambaa cha kijani akaichukua simu mkononi mwa Marino.

"Bwana Santo, macho yake yako namna gani?"

"Mama, wewe ni nani?"

Akamgeukia Marino kama mtu anayengoja kuambiwa yeye ni nani. Marino akaangalia kitambaa.

"Nieleze tu," mwenye kitambaa akasema kwenye simu. "Anza na macho. Taratibu."

Marino akasogeza kiti chake karibu, na yeye asikie.