Mfungo wa Mellen Werema

Maiti ya Mellen Werema ilipatikana Jumamosi, saa moja asubuhi, katika kibanda cha maombi nje kidogo ya Uriri. Alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje.

Ilipofika saa tatu, Inspekta Nchagwa alikuwa ameshamtia pingu Boaz Omanga, mhubiri aliyewaamuru waumini wake wafunge kula tangu Jumatatu wakingojea mwisho wa dunia.

"Madam, kitabu chako kimejiandika," inspekta alimwambia Bonareri Okari.

Bonareri, mwandishi kutoka Homa Bay, alikuwa na vitabu viwili kuhusu madhehebu yanayowapeleka watu kaburini. Mellen, mmoja wa waumini wa Omanga, alikuwa amemwahidi ushahidi wa kitabu cha tatu.

"Natamani sana awe yeye," alijibu. "Ndiyo maana najizuia. Jana alikuwa wapi?"

"Kehancha, tangu Alhamisi. Watu wamemwona. Lakini amri ya kufunga ni yake. Huyu mama amekufa njaa."

"Kwa siku tano, na maji anakunywa?"

Saa tano daktari aliwaambia kwamba tumbo la Mellen lilikuwa tupu na pajani palikuwa na alama mpya ya sindano. Chini ya mkeka walipata chupa ya insulini.

Bonareri aliinama kuitazama chupa. "Alikuwa na kisukari miaka kumi. Alhamisi aliniambia kwa simu kwamba atatoroka Jumamosi, yaani leo, na kwamba kuna mtu anampikia uji kwa siri. Hajidungi mpaka chakula kiwe mbele yake. Akijidunga asile, sukari inashuka, anakufa."

"Kwa hivyo jana chakula kililetwa."

"Kikaletwa, kisha kikaondolewa."

Funguo za vibanda na za jikoni zilikuwa na mtu mmoja, mwanamke mpole ambaye kila mtu alimwita Mama Liz.

"Jiko halijawashwa tangu Jumatatu," Mama Liz alisema. "Tumefunga, Inspekta."

Bonareri alizunguka nyuma ya jikoni. Kuku wanne walikuwa wakidonoa kitu cha rangi ya kahawia ardhini. Aliinama, akakigusa. Ulikuwa uji wa wimbi, juu umeanza kukauka, chini bado ni laini.

Alirudi, akaketi karibu na yule mwanamke.

"Mama Liz, sijamwona Liz hapa. Yuko wapi?"

Mama Liz aliangalia shamba la mihogo.

"Nilimpikia Mellen siku nne," alisema. "Nilimhurumia. Jana jioni, alipokuwa ameshajidunga, akaniambia, 'Dada, twende wote kesho. Hakuna mwisho wa dunia. Tulidanganywa.' Liz wangu alifunga mwaka jana. Alikuwa na miaka tisa. Siku ya saba aliniomba maziwa, nikamwambia avumilie, Yesu yuko karibu. Sasa kama tulidanganywa, mimi nilimfanyia nini mtoto wangu?"

"Ukachukua uji."

"Nikachukua, nikafunga mlango. Aligonga. Nilisimama nje nikimsikia mpaka akanyamaza."

Inspekta alitoa pingu nyingine. Bonareri alimwomba kwa mkono angoje kidogo.

"Mellen hakustahili kufa," alimwambia Mama Liz. "Na Liz pia hakustahili. Nani alikataza apewe maziwa?"

Mwanamke aliinua kidole kuelekea gari la polisi, alimokaa Omanga.

"Yeye. Na si Liz peke yake."

Aliinuka, akawatangulia shambani, akawaonyesha pahali udongo ulipotitia kati ya mistari ya mihogo. Kila mahali alisimama akataja jina. Alitaja majina sita, na Bonareri aliyaandika yote, akiuliza herufi alipokosa uhakika. Mbele ya kaburi la mwisho, la Liz, Mama Liz alipiga magoti, akaling'oa gugu moja, kisha akanyoosha mikono yake kwa inspekta.