Disketi Thelathini na Moja

Jumamosi asubuhi Biashara Street haipitiki. Wanawake walijaa mbele ya maduka ya leso, huyu akivuta pindo, yule akibishana na muuzaji, na Mejumaa alisimama mlangoni pa duka la Tayebali, buibui lake likimfunika hadi kwenye viatu vyekundu, akiikagua leso iliyotundikwa juu kama mtu anayesahihisha mtihani. Mara akagongwa begani na kitu kigumu.

"Samahani dadangu, sikukuona."

Sauti ilitoka nyuma ya mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa kompyuta, imezungushiwa leso isiingie vumbi, na aliyeibeba alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na jasho la kutosha ndoo. Mejumaa hakumtazama kijana. Alisoma jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso.

"'Nimenyamaza si kwamba sijui,'" akasoma. "Jina hili umelichagua wewe, au kompyuta yenyewe?"

"Yenyewe. Imenyamaza tangu Jumatatu, naipeleka dukani ikasemeshwe." Kijana akacheka. "Naitwa Mung'aro. Ni fundi."

"Basi nami ninayo moja kwetu Majengo. Haijanyamaza, lakini ni kuukuu, na umeme wa kwetu ukikatika roho yangu yatoka nayo."

Roho haikumtoka bure. Mejumaa alikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na ofisi iliponunua kompyuta mpya, yeye alipewa moja ya zile za zamani pamoja na printa yake. Kwa miaka mitano, kila jioni, alikuwa akichora humo miji ya leso, yaani mapambo ya katikati: mabakuli, makungu, mapambo ya milango ya Mji wa Kale, na mmoja alioupenda kuliko yote, wa vikuba vya asumini, vile vishada vya maua wanavyojipamba wanawake. Michoro arubaini na miwili. Hakumwonyesha mtu. Katika biashara ya leso mchoro ukionwa umeshaibwa, na yeye alitaka siku moja ampelekee Tayebali yote kwa pamoja, aache ukarani.

Mung'aro alikwenda Majengo kuitazama mashine. Ilimhitaji aende tena, na tena, mpaka Bi Nyevu, mamake Mejumaa, akamwuliza bintiye kama kompyuta ni mgonjwa wa malaria. Bi Nyevu alikaanga bajia na kuziuza hata mjini, na pua yake ilinusa mengi zaidi ya mafuta. Jioni simu ya mezani, iliyobaki tangu enzi za marehemu babake Mejumaa, ikawa haipumziki.

"Hujambo, nyonda, kipenzi changu?"

"Nyonda ni nani?" Mejumaa hujifanya mtu mwengine. "Hapa ni nyumba ya watu."

"Basi niitie mwenye viatu vyekundu."

"Amelala. Lakini asema hajambo, na amekukumbuka."

Shauri lilikuwa moja: ichukuliwe nakala ya diski nzima kama ilivyo, ili siku ya shari irudishwe yote. Programu ya kazi hiyo ndiyo iliyomkosesha Mung'aro usingizi.

"Chukua ile ya haraka," Joab, mwenye duka alikofanya kazi, alimwambia. "Ng'oa diski, ilete hapa, baada ya nusu saa nakala iko kwenye mashine yetu. Akiharibikiwa atarudi kwetu."

"Ndilo nisilolitaka. Kila apitaye hapa ataweza kuifungua."

Nyingine, iliyosifiwa magazetini, iliikataa kabisa mashine ya Mejumaa kwa uzee wake. Ikabaki ya tatu, kongwe na nzito, iliyowashwa kwa disketi moja, kisha ikaikata diski nzima vipande na kuvipanga katika disketi moja baada ya nyingine, ikirudi kusoma kila kipande kuhakikisha. Ilikuwa kazi ya kuchosha mno. Lakini mwenye mashine angeweza kurudisha kila kitu kwa mkono wake, bila fundi wala duka, na nakala ingekaa kwake tu. Mung'aro akaichagua hiyo.

Alikaa Majengo alasiri tatu, Mejumaa akiwa kazini na Bi Nyevu akimletea bajia za moto katika karatasi. Siku ya tatu alizipanga disketi thelathini na moja, na ile ya kuwashia isiyo na nambari, katika mkebe wa biskuti.

"Mama, hii ni amana ya Mejumaa. Mpe mkononi."

"Weka juu ya kabati, mwanangu, nina mafuta motoni."

Mafuta yalipopoa, mkebe ulikuwa umeshamtoka Bi Nyevu akilini.

"Umemaliza?" Mejumaa aliuliza kwenye simu usiku ule.

"Nimemaliza. Nakala ipo mahali salama."

"Hakuna mwengine aliyeiona?"

"Hata mimi sikuifungua."

Mejumaa alidhani mahali salama ni dukani. Mung'aro alidhani mkebe umeshamfika mkononi. Wakalala wote wawili na furaha.

Wiki iliyofuata Mejumaa alipita kwa Tayebali, na juu ya vichwa vya wanunuzi akaona karatasi imebandikwa ukutani. Vikuba vyake. Tayebali, mzee wa Kibohora mwenye kofia nyeupe ya mshono wa dhahabu, alikuwa akisema kwenye simu, "Ndio, mji huu wa vikuba nautaka kabla ya Idi." Mejumaa aligeuka akatoka. Hakuuliza neno, alirudi nyumbani akainua simu.

"Mchoro wangu umefikaje kwa Tayebali?"

"Mchoro gani?"

"Usinifanye mjinga, Mung'aro. Nakala unayo wewe."

"Mimi? Mejumaa, nakala si..."

"Sitaki kusikia. Nilikuamini kuliko nilivyowahi kumwamini mtu. Usinipigie tena."

Mung'aro alipiga mara nne, hakujibiwa. Mara ya tano Bi Nyevu aliambiwa aseme bintiye amelala, saa kumi za alasiri. Mung'aro naye alikuwa na jeuri yake. Akishaniona mwizi, alijiambia, nikiapa ataniona mwizi anayeapa. Akaacha kupiga, akakonda.

Wiki tatu zikapita, na siku ya shari ikafika. Umeme ulikatika Mejumaa akiwa anachora, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili diski yenyewe ilikuwa nzima, ila yaliyomo yamevurugika yote. Kompyuta haikuona mchoro hata mmoja. Mejumaa alikaa sakafuni akalia, miaka mitano imeondoka, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia ni Mung'aro.

Kesho yake alimkabili Tayebali.

"Mzee, mchoro ule ukutani ni wangu. Ndio peke yake uliobaki. Nani amekuuzia?"

Tayebali aliibandua karatasi, akampa. Ilikuwa na matundu pembeni, ya karatasi za printa yake, na katikati ina doa kubwa la mafuta.

"Kuuziwa? Hii imekuja na bajia, binti yangu. Kuna mama Majengo, kila Jumamosi twaagiza kwake. Mke wangu Lubaba alitaka kuitupa, mimi nikaosha macho nayo. Mwezi mzima nauliza nani kachora, na mtoto aletaye bajia hajui. Nimemwambia hata mtu wa kiwanda, namtafuta mwenyewe. Unayo mingine?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi itafute, uilete yote Alhamisi. Na huu wa vikuba uutafutie jina."

Mejumaa alifika nyumbani akihema.

"Mama, karatasi za kufungia bajia wazitoa wapi?"

"Si zile zako mbovu za printa, unazozitupa chini ya meza? Ngumu, hazivuji mafuta."

Mejumaa alicheka na machozi yakimtoka. "Mama, nimemwita Mung'aro mwizi."

"Mwizi?" Bi Nyevu akashusha upawa. "Yule aliyekuachia mkebe?"

"Mkebe gani?"

Bi Nyevu akatazama juu ya kabati, kisha akatazama chini. Akavuta kigoda, akapanda, akauteremsha mkebe uliojaa vumbi.

Ndani mlikuwa na disketi zilizopangwa kwa nambari, na kikaratasi: *Nakala ni hii peke yake. Dukani hakukubaki kitu. Umeme ukikufanyia vibaya, anza na disketi isiyo na nambari.*

Alipiga simu dukani kwa Joab.

"Mung'aro, ni mimi. Diski imevurugika. Nimeupata mkebe leo. Leo hii, ulikuwa juu ya kabati. Nami nilikukosea, sijui hata..."

Upande wa pili alisikia kiti kikivutwa.

"Umeiweka ile isiyo na nambari?" Mung'aro akauliza.

"Nimeiweka. Yaitaka ya kwanza. Nisamehe, nakuomba."

"Weka ya kwanza basi."

Wakaenda hivyo, disketi moja baada ya nyingine, simu imebanwa begani. Kwenye ya nne Mejumaa alimweleza habari za bajia. Kwenye ya tisa Mung'aro alicheka. Kwenye ya kumi na tano alimwuliza kama amekula, na kwenye ya ishirini Joab alisikika akiuliza simu ile ni ya duka au ya posa.

"Imekwama," Mejumaa akasema ghafla. "Ishirini na saba. Yakwaruza tu."

"Itoe. Sogeza kile kibati chake, ipulize. Polepole, nyonda. Irudishe."

Mashine ilikoroma, ikanyamaza. Mejumaa alifumba macho.

"Yasoma," akasema.

Baada ya ya thelathini na moja kompyuta ilijiwasha upya, na michoro ikawa pale pale alipoiacha, arubaini na miwili. Alivifungua vikuba vikajaa kiooni. Alihisi mwili mzima umekuwa mwepesi, kama aliyetuliwa gunia.

"Mung'aro, bado upo?"

"Niende wapi?"

"Tayebali ataka jina la leso hii. Nimepata moja, nisikilize kama lafaa." Akavuta pumzi. "'Amana umeitunza, nami nitunze.'"

Akamsikia Joab akiambiwa atoke nje kidogo.

"Lafaa," Mung'aro akasema taratibu. "Wazee wangu nitawatuma Ijumaa, baada ya sala."

Bi Nyevu, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia tangu disketi ya kumi na mbili, alirudi jikoni kuwasha jiko.

"Mwambie waje na njaa," akasema. "Na karatasi nitanunua."