Nyimbo Tatu za Leonsi

Kengele ya kutoka shuleni ilipolia, watoto wa darasa la sita walitawanyika. Wengi walikimbilia sokoni kutazama mitumba ikishushwa, maana miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na Sumbawanga ilijaa vitu: viatu, redio, kaseti, hata miwani ya jua katika mji wenye baridi. Fransiska hakwenda sokoni. Alipita nyumbani, mtaa wa Chanji, akabadili sare, akabeba jembe na kwenda kulima shamba lisilo la kwao.

Shamba lilikuwa la Leonsi, kijana aliyewahi kupiga gitaa katika bendi ya mjini. Huko Fransiska alikuwa akitengeneza matuta ya ntumba, yale makubwa ya mviringo ambayo Wafipa huyainua kwa kupindua udongo na kufukia majani yaoze. Kazi hiyo huwatoa jasho hata watu wazima. Sasa hebu niambieni, mtoto wa miaka kumi na miwili alitafuta nini huko peke yake?

Alitafuta wimbo! Shule ilikuwa na gitaa moja, zawadi ya padri aliyerudi kwao, lakini hakuna mwalimu aliyejua kulipiga. Mwalimu Cornelia, aliyefundisha kwaya, alikuwa amesema wazi: "Jumamosi ni mashindano ya kwaya za shule. Atakayeweza kuupiga wimbo wetu wa mavuno kufikia Ijumaa ndiye atakayekaa mbele na gitaa. Asipopatikana, tutaimba hivihivi." Fransiska alikitamani kiti kile cha mbele mpaka akakiota.

Leonsi alijua kufundisha, lakini nyimbo aliziuza mojamoja, na malipo yake yalikuwa kulimiwa. Fransiska alikuwa ameshalima sana, akafundishwa wimbo mmoja tu. Alionyeshwa mikao ya vidole, yaani namna ya kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja ili zitoe sauti zinazopatana.

"Kila wimbo una siri yake," Leonsi alimwonya. "Usimwonyeshe mtu. Ukimwonyesha, sikufundishi tena."

Rahel naye alikuwa amepewa wimbo mwingine kwa masharti yaleyale. Rahel alikuwa binti wa Mzee Maganga, mfugaji wa Mtowisa kule bondeni, na mjini aliishi kwa shangazi yake. Yeye na Fransiska walikaa dawati moja. Marafiki wa dawati moja, na kila mmoja anamficha mwenzake vidole! Ni mambo gani haya?

Siku hiyo, Jumatano, Fransiska alimfuata Leonsi kibarazani.

"Shikamoo, Kaka Leonsi. Upande wangu nimeumaliza. Naomba ule wimbo wa mavuno."

"Marahaba. Umemaliza mpaka wapi?"

"Mpaka pale uliponionyesha."

"Aa, wimbo wa mavuno ni mgumu, mtoto. Una mikao yake ya pekee. Endelea mpaka kwenye mkaratusi ule."

"Lakini mashindano ni Jumamosi!"

Leonsi alicheka. "Siku hizi ni soko huria, bibie. Hakuna cha bure."

Fransiska alirudi nyumbani akiburuta jembe. Malengelenge ya viganjani yalikuwa yamepasuka, na kesho yake shuleni hata kalamu aliishika kwa shida.

"Mikono yako imefanya nini?" Rahel aliuliza, wakiwa peke yao katika chumba cha kwaya wakati wa mapumziko.

"Nimelima. Wimbo wa mavuno."

Rahel alikunjua viganja vyake mwenyewe. Vilikuwa vyekundu vilevile. "Hata mimi ameniambia nilimie wimbo huohuo. Kutoka kwenye mkaratusi mpaka mferejini."

Walitazamana. Kumbe shamba zima lilikuwa linalimwa kwa wimbo mmoja!

"Nionyeshe ule aliokufundisha," Fransiska alisema.

"Alikataza."

"Akataze nini? Shamba si tunamlimia sisi? Nionyeshe!"

Rahel alitoa kijiti kilichonyooka na kipande cha mpira wa baiskeli, akakifunga kijiti kwa kukikaza juu ya nyuzi, karibu na kichwa cha gitaa la shule. Leonsi alikuwa amemwambia kwamba bila kijiti wimbo wake hautoki. Akapiga. Sauti zilitoka juu, nyembamba, tofauti kabisa na za Fransiska. Lakini Fransiska hakuwa akisikiliza. Alikuwa anatazama vidole.

"Rudia."

Rahel alirudia. Mkao wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akarudi kwenye wa kwanza.

"Hiyo ni mikao yangu!" Fransiska alipiga kelele. "Hiyohiyo, na inafuatana vilevile!"

"Haiwezekani. Wangu uko juu."

Fransiska alifungua mpira na kukiondoa kijiti. "Piga sasa."

Rahel alipiga, na sauti zikashuka zikawa zilezile za Fransiska. Kijiti kilikuwa kinapandisha sauti tu. Walijaribu kuimba wimbo wa huyu, kisha wa yule, juu ya mikao ileile, na nyimbo zote mbili zikakaa sawasawa.

Rahel, mwenye sikio zuri kuliko wote kwayani, alianza kunong'ona do, re, mi. "Sikia. Mkao wa kwanza ni wa do, ndiyo nyumbani. Wa pili ni wa fa, umetoka kutembea. Wa tatu ni wa so, na huo unataka kurudi nyumbani."

"Hebu tujaribu wimbo wa mavuno."

Mwanzoni walivuruga. Walibadili mkao mapema, na kwenye kiitikio walikwenda fa mahali palipotaka so. Waliimba polepole, na kila sauti ilipogombana na nyuzi walihamisha vidole. Kengele ilipolia, wimbo ulikuwa umekaa. Mikao ileile mitatu.

"Mwongo mkubwa yule!" Fransiska alisema huku machozi ya hasira yakimtoka.

Jioni walikwenda kwa Leonsi, wakaupiga wimbo wa mavuno mbele yake. Hakucheka tena.

"Mnanitazama hivyo kwa nini?" alisema. "Mimi fundi aliyenifundisha gitaa kule Mwazye alinilimisha msimu mzima. Nani alinionea huruma?"

"Kwa hiyo kwa kuwa ulionewa, ukaona utuonee na sisi?" Fransiska aliuliza.

Leonsi aliinama, akajifanya anafuta vumbi kwenye gitaa lake. Wasichana walichukua majembe yao na kuondoka.

Ijumaa Mwalimu Cornelia alipousikia wimbo, akahadithiwa na kuona viganja vile, alihamaki. "Wanafunzi wangu wamekuwa trekta lake?" Alikwenda kwa Leonsi mwenyewe, na maneno aliyomwambia yalisikika mpaka barabarani. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyelima pale.

Jumamosi Fransiska na Rahel walipokezana gitaa kwenye kiti cha mbele. Kwaya yao ilishika nafasi ya pili, wakarudi wakiimba njia nzima.

Jumatatu, Shedrack wa darasa la nne alichungulia chumba cha kwaya. "Dada Fransiska, nifundishe na mimi gitaa."

Fransiska alijinyoosha kitini. "Nichotee kwanza maji ndoo mbili, unipelekee nyumbani. Na nikikuonyesha, usimwambie mtu."

"Fransiska!" Rahel alishtuka.

Mwalimu Cornelia alikuwa mlangoni. "Rudia maneno hayo," alisema.

"Nichotee kwanza..." Fransiska alianza, akaishia hapo.

"Kumlipa anayekufundisha si vibaya," Mwalimu alisema. "Ubaya wa Leonsi ni kuwauzia watoto kitu kimoja mara tatu, akawafunga midomo wasigundue. Yeye alifanyiwa huko Mwazye, akakufanyia wewe. Leo wewe unamfanyia Shedrack. Ulikasirika sana wiki iliyopita, na ulikuwa na haki. Lakini hasira ile ilikuwa ya nini, kama umebaki na tabia yake? Ukitaka dhuluma ikome, ikomee kwako."

Fransiska alitazama viganja vyake. Ngozi mpya ilikuwa imeanza kuota, bado laini. Akashuka kitini.

"Achana na ndoo, Shedrack," alisema. "Kaa hapa. Mikao yenyewe ni mitatu tu. Ukishaijua, kamwite na mwenzako."