Wimbo wa Mguu wa Kushoto

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na kila aliyekuwamo alidai kwamba ndiye aliyetangulia. Mbele ya kaunta alisimama mwanamke aliyevaa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe zisizo na doa, ameikumbatia kompyuta ya mezani utadhani mtoto aliyeamka na homa.

"Dada yangu, nisikilize," muuzaji alimwambia. "Hiyo kompyuta yako ya Linux ni ya watu wa maabara. Haipigi muziki. Niachie nikuwekee mfumo wa watu."

"Nimefuata spika tu, kaka. Muziki inapiga tangu mwaka juzi."

"Labda ulikuwa unausikia kichwani."

Nyuma yake alisimama fundi wa mtandao wa kampuni ya bima, kijana mrefu ambaye mikunjo ya pasi ya shati lake ingeweza kukata karatasi. Kazini walimwita Kiranja. Alikulia shule ya bweni, akatoka huko akiamini kwamba kitanda kisichotandikwa ni mwanzo wa maisha mabovu, na kwamba uongo usiokemewa huwa mali ya aliyenyamaza. Hakunyamaza.

"Inapiga," alisema. "Tena vizuri kuliko hiyo unayouza."

Mwanamke aligeuka, akamkagua kuanzia viatu hadi ukosi. "Wewe unatumia programu gani kusikilizia?"

"Natumia cmus. Haina picha wala mapambo. Skrini nyeusi, maandishi, muziki."

"Masikini. Ni kama kuchungulia harusi kwenye tundu la ufunguo. Mimi natumia Rhythmbox. Naona kila kitu, nabonyeza, nacheza."

"Mapambo hula nguvu ya mashine."

"Na ukavu hula moyo wa mtu."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na Kiranja akagundua kwamba naye anacheka, jambo ambalo hakuwa amelipanga.

Alimbebea kompyuta hadi kwenye teksi. Njiani akajua kwamba mwenzake ni tabibu wa viungo, kwamba kazi yake ni kuwafundisha upya kutembea watu waliovunjika au waliopigwa na kiharusi, na kwamba muziki ndio mkongojo wa kwanza anaowapa. Kesho yake alikwenda kumfungia zile spika kwenye kliniki yake. Tangu hapo simu zao hazikupoa.

"Umekula, Kiranja wangu?"

"Nimekula. Unasikiliza nini?"

"Wimbo wenye picha. Na wewe?"

"Wimbo wenye adabu."

"Mwanamke atakayeolewa na wewe atalala kwa kengele."

"Na ataamka kwa wakati, laazizi," alijibu, kisha akakohoa, kwa maana neno hilo lilikuwa limemtoka bila kupiga hodi.

Jumapili moja Tabibu alimwachia ufunguo wa kliniki ili abadilishe feni ya kompyuta iliyokuwa ikinguruma. Chumba cha mazoezi kilinukia dawa ya kuchua na sakafu iliyotoka kupigwa deki. Vyuma viwili vya kushikilia vilikwenda sambamba mpaka dirishani. Feni haikumchukulia muda. Kilichomshika ni alichokiona alipofungua ile Rhythmbox ili kujaribu sauti. Nyimbo mamia, na karibu zote hazikuwa na jina la mwimbaji, albamu wala mwaka. Ziliandikwa *Goti la Dereva*. *Bega la Mwalimu, Polepole*. *Mguu wa Kushoto wa Bibi*.

Alidhani ni uzembe wa mtu mwenye shughuli nyingi. Akaweka programu ambayo husikiliza wimbo, huutambua kwa sauti yake na kuuandikia jina lake halisi. Kabla ya jua kuzama nyimbo zote zilikuwa zimejipanga kama vitanda siku ya ukaguzi. Hakuweka nakala ya zamani. Ofisini angemgombeza yeyote kwa kosa hilo, lakini mtu aliyejaa uhakika haoni haja ya njia ya kurudia. Alifunga mlango akipiga mluzi.

Asubuhi simu ikalia.

"Umezifanya nini nyimbo zangu?" Sauti ya Tabibu ilikuwa ya chini, na utulivu huo ndio uliotisha.

"Nimezipa majina yake. Nilitaka iwe zawadi."

"Zilikuwa na majina. Bibi amesimama kwenye vyuma na hanyanyui mguu. Kila wimbo nikimpigia anatikisa kichwa. Ulimi wake haujarudi tangu kiharusi, hawezi kunitajia."

"Huukumbuki wimbo wenyewe?"

"Wagonjwa waliniletea wenyewe nyimbo zao, nyingine za lugha nisizozijua. Mimi nakumbuka watu, Kiranja. Ndiyo maana niliandika watu."

Hapo ndipo alipopaswa kuomba radhi. Badala yake alisema, "Lakini mpangilio wa sasa ndio sahihi."

"Haya. Baki na usahihi wako," Tabibu alisema, akakata.

Siku zikawa ndefu. Kiranja alinyoosha mashati, akasikiliza muziki kwenye skrini yake nyeusi, kila wimbo na albamu yake, kila albamu na mwaka wake, na hakuwapo wa kumwuliza anasikiliza nini. Mwishowe dada yake mkubwa alipiga simu.

"Kaka, yule aliyekuwa akikuchekesha yuko wapi?"

Akamsimulia.

"Ulimwuliza kabla ya kugusa?"

"Yalikuwa makosa matupu, dada."

"Sikukuuliza hilo."

"Sikumwuliza."

"Na wewe bwenini ulimpiga mwenzako ngumi kwa kukupangia sanduku lako. Mama aliitwa shuleni. Ulimwambia nini mwalimu mkuu?"

Kiranja alikumbuka vizuri. Alisema kwamba sanduku la mtu halifunguliwi hata likiwa wazi. Sheria hiyo aliishika maisha yake yote. Hakuwahi kufikiria kwamba siku moja ingemhukumu yeye.

Jioni hiyohiyo alisimama mlangoni mwa kliniki.

"Sikuja kujitetea," alimwambia Tabibu. "Nilifungua sanduku la mwenzangu. Naomba kiti tu na kibodi."

Tabibu alimwachia njia. "Kiti kile pale. Na hiyo tai ivue, inawatisha wagonjwa."

Akawa anakuja kila jioni baada ya kazi. Aliwauliza wagonjwa mmoja mmoja, nao hawakumhurumia.

"Wangu una tarumbeta mwanzoni," dereva mwenye goti bovu alimweleza, "halafu mwanamume analalamika kama amenyimwa chai."

Kiranja akautafuta, akaupata. "Niandike nini?"

"Goti la Dereva. Goti ni langu, si la mwimbaji."

Bibi alikuwa mgumu kuliko wote. Hakuweza kuimba wala kutaja. Aligonga sakafu kwa fimbo yake: mara mbili za haraka, akatua, kisha moja nzito. Kiranja alisogeza kiti karibu na vyuma, akasikiliza kwa kichwa kilichoinama, akapiga nyimbo za mwendo huo. Bibi alitikisa kichwa. Tena. Na tena. Kisha gitaa moja likaanza polepole, na fimbo ikanyamaza. Mguu wa kushoto ukanyanyuka, ukatetemeka hewani, ukatua mbele. Tabibu, aliyekuwa amemshika bibi kwa mkanda wa kiunoni, akageukia ukutani na kujifuta macho kwa bega. Bibi akamtupia Kiranja tabasamu la ule upande wa mdomo uliokuwa ukimtii.

Akaandika *Mguu wa Kushoto wa Bibi*, na mkono wake haukuwashwa hata kidogo kuongeza jina la mwimbaji.

Wagonjwa walipoondoka, jua la jioni lilikuwa bado sakafuni. Tabibu aliburuta kiti, akaketi kando yake.

"Umebaki mmoja," alisema, akabonyeza. Ulikuwa wimbo wa kwanza waliousikiliza pamoja, siku ile alipokuja kufunga spika.

"Uliitwaje kabla sijauharibu?"

"*Kijana wa Dukani*. Lakini jina hilo limepitwa na wakati."

"Niandike nini?"

"Andika *Mume Wangu*."

Vidole vilisimama juu ya kibodi. Kiranja akakohoa. "Tabibu, wewe hujaolewa. Nikiandika hivyo haitakuwa kweli."

"Basi sahihisha. Si ndiyo kazi yako?"

Alinyoosha ukosi wa shati ambalo halikuwa na tai. "Safari hii nauliza kwanza," alisema taratibu. "Utakubali?"

"Andika," Tabibu akamjibu.

Akaandika. Kisha akachomeka diski ya pembeni, akaweka nakala.